Huduma za serikali kwa viziwi: Spring Valley na Westlands, Nairobi

Spring Valley ni mtaa wa makazi magharibi mwa Nairobi, kando ya barabara ya Lower Kabete. Kiziwi anayeishi au kufanya kazi huko hana mwendo mrefu kufika makao makuu ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, yaliyoko Westlands, Waiyaki Way, mkabala na ABC Place. Baraza hilo ni zao la Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003. Sheria mpya ilitiwa saini Mei 2025.

Bila kadi ya usajili ya Baraza, hakuna linaloendelea. Mtu hupimwa masikio katika hospitali ya serikali, madaktari hujaza fomu ya tathmini, ndipo asajiliwe. Akishasajiliwa anaweza kuomba karo au kifaa cha kusikilizia kutoka hazina ya maendeleo ya watu wenye ulemavu. Kifaa chenyewe kina gharama zake baadaye: betri huisha, na kile kipande kinachoingia sikioni hakina budi kutengenezwa upya kadiri mtoto anavyokua.

Mwenye kadi pia anaweza kuomba msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Kwa meneja wa benki hiyo ni nafuu kubwa. Mtunza bustani wa Spring Valley anayelipwa chini ya shilingi 24,000 hakatwi kodi ya mshahara hata hivyo, kwa hiyo msamaha huo haumwongezei senti. Akigeukia Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzipa fedha kaya zenye uhitaji, shilingi 2,000 kwa mwezi ni za kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, asiyeweza kuachwa bila mwangalizi. Yeye anapanda ngazi na kupogoa miti, hatazamiwi kuzipata.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 153,361 wa miaka 5 na zaidi wenye ulemavu wa kusikia. Waliohesabiwa ni wenye shida kubwa tu. Mzee anayezidi kupandisha sauti ya redio mwaka hadi mwaka hayumo.

Kuhusu lugha, Kenya imeandika vizuri. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya mwaka 1991, na Katiba ya 2010, kifungu cha 120, inaitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Kazi iko kwenye foleni ya hospitali. Karani anaita jina mara mbili, haitikiwi, anaita linalofuata. Mwenye jina ameketi safu ya pili, macho yake yakiwa kwenye midomo ya karani, ambaye sasa ameinamia faili. Ndiyo maana wengi huja na mtoto wao anayesikia. Mtoto huyo, labda wa darasa la tano, ndiye anayemfasiria mamake kwa vidole kwamba uvimbe aliokutwa nao unahitaji kupasuliwa.