Ndege za Vita na Mfuko wa Shaba



Leo tuulize: ndege ya vita ikizeeka, nani analipa ile mpya? Ndege huzeeka kwa namna tatu: chuma chake huchoka, vipuri vyake havitengenezwi tena, au adui anapata yenye nguvu kuipita.

Kolwezi inayajua hayo. Mwaka 1961 Katanga ya Tshombe ilipata Fouga Magister tatu kutoka Ufaransa. Hazina yake ilijazwa na kodi ya Union Minière, yaani shaba. Kufika Septemba, moja tu ndiyo iliyoruka, ikitoka hapa Kolwezi kuwapiga askari wa Umoja wa Mataifa. Nao Umoja ukaleta ndege kali za Uswidi, Ethiopia na India. Desemba 1962 ndege za Katanga ziliteketezwa kwenye kiwanja chetu.

Miaka ya 1970 Zaire nayo ilinunua Mirage. Bei ya shaba ikaanguka mwaka 1974. Mwaka 1975 nchi ikashindwa kulipa madeni yake. Mei 1978 Kolwezi ilitekwa, Mirage zikiwapo, ikabidi kuwaita askari wa Ufaransa.

Wakubwa, serikali ikinunua ndege, ulizeni: ni kwa madini au kwa mkopo? Mafuta, mafundi na vipuri vya kila mwaka vitalipwa na nani? Kitabaki nini cha kuwarudisha waliohama?

Nasi majirani tupatane, maana ugomvi wetu ndio sababu ya kununua silaha. Kwaherini.