Bodi za wenye nyumba: mamlaka yalitangulia, haki zikafuata kwa mguu

Mwaka 1938 Mahakama ya Rufani ya New York iliamua kesi ya deni ambalo kwa mwaka lilikuwa halizidi dola 4 kwa kiwanja. Kiwanja chenyewe kilikuwa Neponsit, eneo la ufukweni huko Queens, ambako kampuni ya ardhi ilikata viwanja na kuviuza kwa hati zenye sharti moja: kila mnunuzi, na yeyote atakayenunua kwake, atachangia matunzo ya barabara, bustani, mifereji ya maji taka na ufukwe. Kazi ya kukusanya ikapewa chama cha wenye viwanja. Benki ya Emigrant Industrial Savings ilipokipata kiwanja kimoja mnadani, ikagoma kulipa. Sisi hatukusaini ahadi yoyote na chama hiki, ikasema, na chama chenyewe hakimiliki hata kipande cha ardhi hiyo. Kinatudai kwa lipi?

Benki ilishindwa. Majaji walisema chama kile ni chombo tu cha wamiliki wote, na kwamba ahadi ya mchango imeshikamana na ardhi, inahama nayo kila inapouzwa. Anayenunua nyumba ananunua na deni, awe amesoma hati au hakuisoma. Hukumu hiyo ndiyo iliyofungulia mlango vyama vya wenye nyumba vya Marekani kama tunavyovijua leo: vinatoza ada, vinapiga faini, vinapangia watu rangi ya mlango, na asiyelipa vinaweza kumuuzia nyumba. Mamlaka ya kodi yalipatikana asubuhi na mapema. Swali la nani atawakagua wanaoshika fedha hizo lilingoja muda mrefu, na kila lilipojibiwa, jibu lilikuja baada ya mtu fulani kuumia kwanza.

Mizizi ya ahadi zinazohama na ardhi iko Uingereza. Mwaka 1808 bwana mmoja, Tulk, aliuza bustani ya Leicester Square, London, kwa sharti kwamba ibaki bustani. Ilipopita mikononi mwa watu kadhaa ikamfikia Moxhay, ambaye alitaka kujenga huku akijua sharti lipo. Mwaka 1848 mahakama ikamzuia. Marekani ililipokea wazo hilo kwa mikono miwili, kwa kuwa miji ilikuwa haina sheria za mipango miji na matajiri walitaka uhakika kwamba jirani hatafungua bucha au kiwanda. Gramercy Park ya New York ilikuwa imeanza tangu 1831, bustani yenye uzio na funguo za wenye nyumba wanaoizunguka. Hadi leo usipokuwa na ufunguo unaitazama kwa nje.

Aliyeyageuza masharti hayo kuwa biashara kubwa ni J. C. Nichols wa Kansas City, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliona udhaifu mmoja wa masharti ya kawaida: yanaisha muda. Yake akayaandika yajihuishe yenyewe, mpaka wamiliki walio wengi wasaini kuyafuta miaka kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho. Aliyewahi kukusanya saini za majirani hata kwa ajili ya kubadilisha mlinzi wa geti anajua maana yake. Ndani ya masharti hayo, pamoja na umbali wa nyumba kutoka barabarani na gharama ya chini ya ujenzi, kulikuwa na kifungu kilichokataza Watu Weusi kumiliki au kuishi humo.

Hapo ndipo historia hii inaponuka, na haifai kuipita haraka. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia miji kutunga sheria za kutenganisha mitaa kwa rangi. Waliotaka utengano wakahamia kwenye hati za nyumba, maana mkataba ni jambo la watu binafsi, na mwaka 1926 Mahakama Kuu ikawaachia. Chama cha mtaa ndicho kikawa mlinzi wa mstari. Jirani akiuza kwa mtu "asiyetakiwa," wenzake wanakwenda mahakamani, na hakimu anaamuru familia itolewe. Mwaka 1945 familia ya Shelley ilinunua nyumba St. Louis, Missouri, wakashtakiwa na mwenye nyumba aliyekaa mbali nao vitalu kadhaa. Kesi ilifika Washington, ambako majaji watatu kati ya tisa walijitoa wasiisikilize. Waliobaki waliamua kwa kauli moja, Mei 1948, kwamba mahakama ya serikali haiwezi kutumika kutekeleza sharti la ubaguzi. Kuyapiga marufuku kabisa kulisubiri sheria ya makazi ya 1968.

Msomaji wa pwani asidhani hayo ni ya ng'ambo tu. Mombasa nayo ilionja. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza mnada wa viwanja vya mjini kwa sharti kwamba Wazungu pekee ndio wapandishe bei, na asiye Mzungu asiishi humo ila kama mtumishi. Mtu mmoja aitwaye Kaderbhai alipinga. Baraza la Rufaa la London, katika hukumu iliyochapishwa 1931, likasema Kamishna wa Ardhi ana uwezo wa kuweka sharti hilo. Kansas City na Mombasa hazikuandikiana barua, ila ukiyaweka masharti yao mawili mezani utadhani karani ni mmoja.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ardhi ilipanda bei, na wajenzi wakaona faida ya kubana nyumba nyingi kwenye eneo dogo na kuwapa wanunuzi bwawa la kuogelea na uwanja wa pamoja. Puerto Rico ilipitisha sheria ya kumiliki sehemu ya jengo mwaka 1958, Utah ikafuata 1960, na mwaka 1961 serikali kuu ikakubali kudhamini mikopo ya fleti za aina hiyo. Kabla ya muongo kwisha, karibu kila jimbo lilikuwa na sheria yake. Halmashauri nazo zilifurahia: chama kikitengeneza barabara yake na kuzoa taka zake, mji unakusanya kodi ileile na unapunguziwa kazi. Mwaka 1970 vyama hivyo vilikadiriwa kuwa 10,000. Sasa vimepita 350,000, na Wamarekani zaidi ya milioni 70 wanaishi chini yake.

Serikali za mitaa za namna hii, maana ndivyo zilivyo, hazikuwa na wajibu wa serikali. Katiba ya Marekani inamfunga diwani asikuzibe mdomo. Mwenyekiti wa bodi haimfungi. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya New Jersey ilikataa hoja ya wakazi wa Twin Rivers waliotaka haki ya kikatiba ya kubandika mabango na kutumia gazeti la chama sawa na rais wa bodi. Mahakama za New York na California zilikuwa zimeshajenga utaratibu wa kuiheshimu bodi kama inavyoheshimiwa bodi ya kampuni: ikitenda kwa nia njema na ndani ya mamlaka yake, jaji haingii. California iliwahi hata kumhukumu mama mmoja mwenye paka watatu waliokuwa hawatoki ndani ya fleti yake. Sharti lilikataza paka, basi, na mwaka 1994 majaji wakasema sharti lililoandikishwa linatekelezwa hata kama paka hao hawamsumbui mtu. Jaji aliyepinga aliandika kwa uchungu, na mimi niko upande wake.

Paka ni jambo la huzuni. Nyumba ni jambo jingine. Texas inajulikana kwa kulinda makazi ya mtu. Mdai wa kawaida hawezi kukuuzia nyumba unayoishi. Lakini mwaka 1987 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ilisema chama cha wenye nyumba kinaweza, kwa kuwa ada imeshikamana na ardhi tangu kabla hujainunua. Mantiki ya Neponsit imerudi, safari hii ikiwa na dalali mkononi. Mwaka 2001 huko Houston mjane mwenye umri wa zaidi ya miaka 80 alitolewa katika nyumba yenye thamani ya dola 150,000, ambayo haikuwa na mkopo wowote, kwa deni la ada la takriban dola 815. Mnadani ilikwenda kwa dola 5,000. Magazeti yaliishikilia habari hiyo mpaka nyumba ikarudi kwake kwa makubaliano, na bunge la jimbo, mwaka huohuo, likapitisha sheria inayompa mwenye nyumba siku 180 za kuikomboa baada ya mnada. California ikaweka kizingiti chake: chini ya dola 1,800 za ada, na deni likiwa halijafika miezi 12, chama hakipigi nyumba mnada. Ikaongeza kura za siri kwenye uchaguzi wa bodi, kura ambazo hazihesabiwi na wagombea wenyewe. Kwamba jambo hilo lilihitaji kuandikwa kwenye sheria ni habari tosha kuhusu chaguzi za huko nyuma.

Las Vegas ilionyesha uchaguzi ukiachiwa unafika wapi. Kati ya takriban 2003 na 2009 mkandarasi Leon Benzer na wenzake walipandikiza wanunuzi mamluki katika majengo kadhaa, kila mmoja akipewa hisa ya fleti ili apate sifa ya kugombea. Kura zilichakachuliwa. Kura bandia zilisafirishwa hadi California zikatumwa kwa posta kutoka miji tofauti, ili zionekane zimetoka kwa wamiliki wanaoishi nje ya Nevada. Bodi ikishakuwa mikononi mwao, ilichagua wanasheria wao, ikafungua madai dhidi ya wajenzi wa awali na kumpa Benzer tenda ya marekebisho. FBI walivamia Septemba 2008. Zaidi ya watu 40 walitiwa hatiani, na mwaka 2015 Benzer akahukumiwa zaidi ya miaka 15. Nevada wakati huo ilikuwa tayari na ofisi maalumu ya kupokea malalamiko ya wenye nyumba. Haikutosha.

Lakini tusimalize kwa kuwafanya wakazi malaika. Usiku wa Juni 24, 2021, sehemu kubwa ya jengo la ghorofa 12 la Champlain Towers South, Surfside, Florida, ilianguka na kuua watu 98. Mhandisi alikuwa ameieleza bodi tangu 2018 kwamba zege ya eneo la bwawa na maegesho imeharibika vibaya. Mwaka uliofuata wajumbe watano kati ya saba wa bodi walijiuzulu katika mivutano. Makadirio ya matengenezo yalifika dola milioni 15, akiba ilikuwa haifiki hata milioni moja, na ilipofika Aprili 2021 kila fleti ilitakiwa kulipa kati ya dola 80,000 hivi na zaidi ya 330,000. Malipo yenyewe yalikuwa hayajaanza kuzaa kazi ya maana jengo liliposhuka. Sheria ya Florida iliwaruhusu wamiliki kupiga kura kila mwaka wasiweke akiba kamili, na katika majengo mengi waliitumia ruhusa hiyo kwa furaha, maana ni nani anayependa kupandishiwa ada? Bodi inayosema ukweli hung'olewa uchaguzi ujao. Mwaka 2022 jimbo likalazimisha ukaguzi wa majengo yanayofikisha miaka 30 na kufuta ruhusa ya kukwepa akiba ya mihimili. Wastaafu wengi sasa wanalia na ada mpya, na kilio chao ni cha kweli.

Kwetu safari hii ni changa. Kenya ilikuwa na sheria ya umiliki wa sehemu za majengo tangu 1987, lakini haikutumika sana; fleti ziliuzwa kwa upangaji wa muda mrefu, huku kampuni ya usimamizi, mara nyingi ikiwa bado mfukoni mwa mjenzi, ikishika hati mama. Sheria ya 2020 iliibadilisha: mpango wa jengo ukisajiliwa, wamiliki wote wanakuwa shirika moja kisheria, na upangaji wa zamani unatakiwa kugeuzwa kuwa hati ya sehemu. Tanzania Bara ilitunga yake mwaka 2008, Zanzibar 2010. Vifungu vipo. Kinachopungua ni wamiliki wanaohudhuria mkutano mkuu. Wengi wetu huukumbuka umoja wa wakazi siku pampu inapokufa au lifti inapokwama, na tunamwachia mweka hazina mmoja daftari, mhuri na namba ya simu ya kupokelea ada.

Basi ukienda kununua fleti Mikocheni au Kilimani, usiishie kugonga vigae na kufungua mabomba ya jikoni. Omba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu iliyopita, muhtasari wa mkutano mkuu wa mwisho na taarifa ya benki ya akaunti ya akiba. Uliza ni nani anayesaini hundi, na alichaguliwa lini. Ukijibiwa kwamba karatasi hizo zitapatikana ukishalipa, baki na fedha zako.