Faili la mgonjwa kumfuata aendako: kutoka Gikundamvura hadi Huye

Mkazi wa tarafa ya Gikundamvura, wilayani Rusizi, huanzia matibabu katika kituo cha afya. Ugonjwa ukizidi, hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na ikibidi hadi Hospitali ya Chuo Kikuu ya Butare (CHUB), mjini Huye. Kwa miaka mingi alisafiri na karatasi ya rufaa. Ikipotea, daktari hulazimika kuuliza upya: ni dawa zipi zinazomdhuru, amekwisha kupimwa nini, anatumia dawa gani?

Mfumo wa kitaifa wa kubadilishana taarifa za wagonjwa unakusudia kuziba pengo hilo.

Ulikoanzia

Mwaka 2006, programu ya OpenMRS ilianza kutumika Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda, kuhifadhi taarifa za wagonjwa. Mwaka 2012, ubadilishanaji wa taarifa kati ya vituo ulianza kwa huduma za wajawazito wilayani Rwamagana. Baadaye Wizara ya Afya ilileta mfumo wa e-Ubuzima.

Unavyofanya kazi

Msingi wake ni rejista tatu: ya wagonjwa, ya vituo na ya watoa huduma. Kituo kikituma taarifa, rejista hizo huthibitisha inamhusu nani, imetoka wapi na nani ameiandika, kisha huingizwa katika faili la pamoja.

Hapo utambulisho ndio ufunguo. Mtu aliyeandikwa Ramadhani kituo kimoja na Ramazani kwingine anaweza kuonekana kama watu wawili. Namba ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 16, hupunguza kosa hilo. Asiye nayo yumo hatarini kuwa na historia iliyogawanyika.

Siri ya mgonjwa

Sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mhusika ana haki ya kuziona na kuomba zisahihishwe.

Mipaka yake

Gikundamvura iko karibu na Burundi na Kongo, na mfumo wa kitaifa hukomea mpakani. Anayetibiwa ng'ambo bado anahitaji kutunza karatasi zake. Umeme au mtandao ukikatika pia, karatasi hurudi mezani. Kwa hiyo mgonjwa anapaswa kufika na kitambulisho, kuhakikisha jina lake limeandikwa sawasawa, na kutotupa daftari lake.