Pande Mbili za Uwanja: Tarehe ya Watunzi wa Ridhaa Usukumani

Anayetafuta historia ya vikundi vya waandishi katika kata kama Samuye, Shinyanga Vijijini, kwa kawaida huulizia katiba ya chama, daftari la mahudhurio na vitabu vilivyochapwa. Asipovipata huondoka na jibu kwamba hapo hapana historia. Jibu hilo si sahihi, kwa kuwa Usukumani, ambako Samuye imo, watunzi walikuwa na vyama vyao kabla kalamu haijafika, na vyama hivyo vilikuwa na kanuni kali kuliko za vyama vingi vilivyosajiliwa baadaye. Masimulizi yanasema kwamba katikati ya karne ya 19 mamanju wawili (watunzi na waongozaji wa ngoma), Ngika na Gumha, walishindana nani zaidi. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na mgawanyiko huo haujafutika hadi leo. Mavuno yakishaingia ghalani, kati ya Juni na Agosti, pande hizo hucheza siku moja, wakati mmoja, kila upande na ngoma yake na manju wake, ambaye Wasukuma humwita ningi. Kimila, mwamuzi ni umati wenyewe. Mtu akichoshwa na wimbo wa upande huu anavuka kwenda upande wa pili, na jua likizama wenye watu wengi ndio washindi.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba hawa wote walikuwa watu wa ridhaa. Walikuwa wakulima wa mtama na pamba, na wafugaji, na utunzi haukuwa riziki yao. Hata shambani walitunga: vijana wa kijiji waliungana katika elika, kundi la kulima kwa zamu chini ya kiongozi wao nsumba ntale, na wimbo ndio uliopanga mwendo wa majembe. Mtafiti Frank Gunderson alizikusanya nyingi za nyimbo hizo za kazi katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 2010, na anayekisoma haoni watu wanaojiliwaza tu kwa kelele. Anaona hoja, kejeli, habari za vita na za bei ya pamba, na majibizano kati ya mtunzi na mtunzi. Kwa maoni yangu kilichowafikisha hapo ni vitu viwili: mshindani aliyesimama hatua chache tu kutoka kwao, na msikilizaji aliye huru kuondoka. Kikundi cha watunzi huishi kwa hivyo viwili. Kikivikosa kinaweza kuwa na ofisi, mhuri na mwenyekiti, lakini utunzi utakwisha.

Ushahidi wa pili unatoka kwenye karatasi. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923 lilikuwa mali ya serikali ya kikoloni, wala halikuanzishwa kwa ajili ya washairi. Hata hivyo kurasa zake za mashairi zikawa uwanja: karani wa bara aliuliza fumbo, mwalimu wa pwani akamjibu kwa vina vilevile, wa tatu akawasahihisha wote wawili. Watu wasiowahi kuonana wakawa kikundi kwa sababu kila mmoja alijua kuna atakayemjibu. Sheikh Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliandika kwa watu waliokwisha kuzoea kupimana. Mwaka 1959 kikaundwa chama cha UKUTA, Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, na Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, akawa miongoni mwa nguzo zake. Anayedai kwamba watu wa bara hawawezi kutunga kwa Kiswahili kwa kuwa si lugha waliyonyonya kwa mama zao, Mnyampala anatosha kumjibu.

Lakini Mnyampala huyohuyo ndiye aliyeipa nguvu ngonjera, na hapo ndipo naona kosa lilipoingia. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 washairi waliombwa wausambaze ujamaa, na Ngonjera za UKUTA zikafika mashuleni kote, Shinyanga ikiwamo. Kwa sura, ngonjera ni majibizano. Kwa ndani, mshindi anajulikana kabla ya ubeti wa kwanza: asiyejua atauliza, anayejua atamfundisha, na mwishoni watakubaliana. Mtoto aliyekariri ngonjera alijifunza vina na mizani, jambo jema, ila hakujifunza kwamba anaweza kushindwa kwa sababu beti zake ni dhaifu. Elias Songoyi, katika utafiti wake wa 1988 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwalinganisha Kalikali, manju wa Kisukuma, na Mwinamila wa Tabora, kiongozi wa kikundi cha Hiari ya Moyo. Ulinganisho huo unaonyesha jinsi manju anayekosoa na manju anayeimba upande wa dola walivyoishi maisha tofauti. Si kwamba kusifu ni dhambi. Tatizo ni kwamba sifa iliyoagizwa haimpi msikilizaji ruhusa ya kuvuka uwanja.

Yapo mapingamizi mawili ninayoyaona kuwa mazito. La kwanza: uwanjani watu hawakufuata maneno. Walifuata dawa, mikogo, fisi na nyoka walioletwa na wachezaji. Ni kweli, vituko vilivuta umati, na kila upande ulitegemea dawa zake. Ila dawa zilikuwa pande zote mbili, na wimbo unaobaki midomoni mwa watu msimu mzima baada ya nyoka kurudishwa kapuni umebaki kwa maneno yake. La pili lina uzito zaidi: wimbo si kitabu. Masimulizi marefu hayatungwi katikati ya vumbi na ngoma, yanahitaji upweke. Aniceti Kitereza wa Ukerewe ni shahidi wa hilo. Alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, peke yake, na hakuna ningi ambaye angeweza kuibeba kazi ya ukubwa ule kichwani.

Nakubali, lakini nautazama mwisho wa habari hiyo. Muswada ulikosa mchapishaji, mzee akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ukatoka Tanzania Publishing House kwa tarehe ya 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Kitereza alifariki 1981 bila kukishika kitabu chake mkononi. Upweke ulimpa riwaya, ukamnyima wasomaji. Ng'ambo ya ziwa, wimbo wa manju wa kawaida ulipata hukumu yake siku ileile uliposikika.

Elimu ya watu wazima nayo haikuliziba pengo la mshindani na msikilizaji. Mradi wa UNESCO ulioanza mwaka 1968 katika mikoa ya Ziwa, Shinyanga ukiwa mmojawapo, uliwafundisha wakulima kusoma kwa vitabu vya pamba, na gazeti la Elimu Haina Mwisho likatoka Mwanza kwa ajili yao. Kazi ile ilikuwa kubwa na ya heshima. Iliwapa watu herufi, lakini mshindani wa kutunga naye haikuwapa. Tangu 2023 hutolewa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na vijana wa Samuye wana haki ya kupeleka miswada yao huko. Lakini tuzo huja mara moja kwa mwaka, na wengi wa walioshindwa hawajui walishindwa kwa neno gani. Kikundi kimoja Samuye hakitoshi. Vinahitajika viwili, kingine kiwe kata ya Didia au Tinde, visome hadithi mpya siku moja pamba ikishauzwa, chini ya miti miwili inayotazamana, na viti visifungwe pamoja, ili msikilizaji aweze kuvuka.