Barabara Moja, Namba Mbili: California Ilivyopanga Upya Barabara Zake Mwaka 1964

Hadi katikati ya mwaka 1964, karibu kila barabara kuu ya jimbo la California ilikuwa na namba mbili. Moja ilichorwa kwenye vibao na ramani, na ndiyo aliyoifuata dereva. Nyingine ilikaa kwenye vitabu vya sheria na mafaili ya serikali huko Sacramento, na ndiyo iliyotumika kupanga bajeti. Mara nyingi namba hizo hazikufanana hata kidogo. Barabara ya pwani inayopita Big Sur, ambayo kila msafiri aliijua kuwa namba 1, kisheria ilikuwa namba 56. Namba 1 ya kisheria ilikuwa barabara nyingine kabisa: ile inayokatisha misitu ya miti mirefu ya redwood kuelekea mpaka wa Oregon, ambayo vibao viliiita 101.

Tarehe 1 Julai 1964 mfumo huo wa namba mbili ulifikia kikomo. Namba ya kibaoni na namba ya kisheria zikawa kitu kimoja. Ili kufika hapo, jimbo lililazimika kufuta namba zilizokuwa maarufu kote nchini, kuzihamisha nyingine na kubuni mpya kadhaa. Ramani wanayoitumia madereva wa Los Angeles, San Francisco na San Diego hivi leo kwa sehemu kubwa ni matokeo ya uamuzi ule.

Namba za wabunge

Safari ilianza mwaka 1895, jimbo lilipounda Ofisi ya Barabara Kuu yenye makamishna watatu. Walinunua farasi na gari la kukokotwa, wakazizunguka kaunti za jimbo kwa mwendo wa takriban kilomita 11,000, wakiangalia njia zipi zilistahili kuhudumiwa na serikali. Mwaka huohuo sheria iliruhusu jimbo kuichukua njia ya magari ya farasi iliyotoka karibu na Placerville kwenda Ziwa Tahoe hadi mpaka wa Nevada. Hiyo ndiyo iliyokuwa barabara kuu ya kwanza ya jimbo.

Fedha za maana zilipatikana baadaye. Sheria ya 1909 ilipendekeza mkopo wa dola milioni 18 kwa kuuza hati fungani, na mwaka 1910 wapiga kura wakaukubali kwa tofauti ndogo. Agosti 1912 ujenzi ulianza katika kaunti ya San Mateo, kwenye kipande cha El Camino Real kati ya South San Francisco na Burlingame. Hiyo ni njia ya kale inayohusishwa na misheni za Wahispania.

Barabara zilipoongezeka, serikali ilihitaji njia ya kuzitofautisha kwenye hesabu zake, na ndipo zilipozaliwa namba za kisheria. Kutoka San Francisco hadi San Diego ikawa namba 2. Kutoka Sacramento kwenda Oregon ikawa namba 3, na kutoka Sacramento kwenda Los Angeles namba 4. Bunge lilivyozidi kuongeza barabara, ndivyo orodha ilivyorefuka, hata namba zikapita 200. Mpangilio wake ulitokana zaidi na historia ya sheria kuliko na jiografia. Kwa mhasibu hilo halikuwa tatizo. Dereva naye hakuziona namba hizo popote, kwa sababu hazikuwekwa kwenye vibao.

Namba za madereva

Kazi ya kumwelekeza dereva ilifanywa na vilabu vya wenye magari. California ilikuwa na viwili vikubwa, kimoja kusini na kingine kaskazini, na kwa miaka mingi ndivyo vilivyosimamisha vibao vya barabarani. Tarehe 11 Novemba 1926, chama cha maofisa wa barabara wa majimbo ya Marekani kiliidhinisha namba za kitaifa, na baadaye vilabu hivyo vikaanza kuziweka barabarani.

Mfumo wa kitaifa ulikuwa na mantiki inayoeleweka. Namba witiri zilipewa barabara za kaskazini na kusini, na namba shufwa zile za mashariki na magharibi. Hesabu ilianzia mashariki kwenda magharibi, na kaskazini kwenda kusini. Ndiyo maana California, iliyo ukingoni mwa bara, ilipata 99 na 101, huku 40 ikiingia San Francisco na 80 ikifika San Diego chini kabisa. El Camino Real, ambayo kwenye vitabu ilikuwa namba 2, ikawa 101 kwenye vibao.

Mwaka 1933 bunge la jimbo lilihamishia serikalini barabara nyingi zilizokuwa mikononi mwa kaunti, na mtandao wa jimbo ukakua karibu mara mbili kwa mkupuo. Nyingi kati ya hizo hazikuwa na namba ya kitaifa, na msafiri hakuwa na njia rahisi ya kuzifuata. Mwaka uliofuata jimbo likatangaza namba zake za vibaoni. Kibao kilikuwa na umbo la sepetu, kwa heshima ya wachimba dhahabu wa karne ya 19, na juu yake palichorwa dubu, nembo ya California. Barabara inayopita kwenye miji ya machimbo ilipewa namba 49, kukumbuka mwaka 1849 watu walipomiminika huko kutafuta dhahabu.

Chini ya namba hizo za 1934 palikuwa na kanuni makini ya hesabu. Namba inayogawanyika kwa nne bila baki, kama 4, 12, 20 au 28, pamoja na ile inayobakiza moja, kama 9, 17 au 49, ilikusudiwa kaskazini. Inayobakiza mbili au tatu, kama 2, 18, 39 au 74, ilikuwa ya kusini. Kwa hiyo kila nusu ya jimbo ilikuwa na fungu lake, na fungu hilo lilikuwa na namba za kutosha kwa barabara za wima na za mlalo.

Wakati huo wote namba za kisheria hazikuguswa. Mhandisi aliyeongea na mwandishi wa habari alikuwa na namba moja kichwani, msomaji wa gazeti akiwa na nyingine. Mashariki ya Los Angeles mambo yalizidi kusongamana, kwani barabara moja ilibeba vibao vya 60, 70 na 99 kwa wakati mmoja, na namba yake ya kisheria ikiwa pembeni haionekani.

Barabara za kasi zaleta mgongano

Tarehe 29 Juni 1956 Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga mtandao wa barabara za kasi za kati ya majimbo, wenye urefu wa takriban kilomita 66,000. Serikali kuu ilikubali kubeba asilimia 90 ya gharama. Mtandao huo ulihitaji namba zake, na waliozipanga waligeuza mpangilio wa 1926: safari hii hesabu ilianzia magharibi na kusini.

Kwa majimbo mengi, kugeuza huko kulizitenganisha namba mpya na za zamani. California, hata hivyo, iliangukiwa na mgongano. Barabara mpya ya 80 ilikuwa inaingia San Francisco, ilhali 80 ya zamani ilikuwa San Diego. Namba 40 mpya ilipangiwa jangwa la Mojave, na 40 ya zamani ilikuwa inavuka milima ya Sierra Nevada mamia ya kilomita kaskazini. Jimbo lenyewe nalo lilikuwa na barabara zake ndogo zenye namba 5, 8, 10 na 15, ambazo sasa zilitakiwa na barabara kubwa kuliko zote.

Aliyelivalia njuga suala hili bungeni alikuwa seneta Randolph Collier wa Yreka, mji mdogo karibu na mpaka wa Oregon. Collier alikuwa ameshughulika na barabara tangu zamani, na jina lake limo kwenye sheria ya 1947 iliyoongeza kodi ya mafuta ili kugharimia ujenzi. Muswada wake wa kupanga namba upya ulipita mwaka 1963, ukaanza kutumika Julai ya mwaka uliofuata. Msingi wake ulikuwa kwamba kila barabara iwe na namba moja, kwenye sheria na kwenye kibao. Namba moja isitumike kwa barabara mbili tofauti, na kadiri iwezekanavyo barabara moja isibebe namba nyingi.

Utekelezaji wake uligusa kila pembe ya jimbo. Namba 5 ya Skyline Boulevard, kusini mwa San Francisco, ikawa 35. Namba 8 inayoanzia Stockton ikawa 26. Namba 10 ya Los Angeles ikawa 42. Barabara ya kasi ya Long Beach iliyokuwa 15 ikapewa 7, na miaka ya 1980 ikabadilishwa tena kuwa 710, ilipoingizwa kwenye mtandao wa kati ya majimbo. El Camino Real kusini mwa San Francisco iliiachia 101 barabara ya kasi ya Bayshore, nayo ikachukua 82. Kipande kilekile kilichoanza kujengwa mwaka 1912 kikawa kimepitia namba tatu: 2, 101 na 82.

Namba za kitaifa ndizo zilizopata pigo kubwa zaidi. Barabara namba 6 ilikuwa ndefu kuliko zote nchini, karibu kilomita 5,900 kutoka Provincetown huko Massachusetts hadi Long Beach. California iliikata, ikaishia Bishop, na sifa ya urefu ikahamia kwa barabara namba 20. Namba 66 iliyokuwa ikifika baharini Santa Monica ilirudishwa nyuma hadi Pasadena. Namba 60 na 91 zilibaki, ila kwa vibao vya jimbo badala ya vya taifa. Namba 299 na 399, ambazo hazikuvuka mipaka ya California, zilipoteza hadhi ya kitaifa. Ya kwanza ikaendelea kama 299 ya jimbo, ya pili ikafutwa.

Namba 466 nayo ilitoweka. Mwigizaji James Dean alikufa kwa ajali ya gari karibu na Cholame tarehe 30 Septemba 1955, kwenye makutano ya 466 na 41. Anayeyatafuta makutano hayo leo hana budi kujua kwamba barabara ile sasa ni 46.

Hasara hii haifai kupuuzwa. Familia nyingi zilizokimbia ukame na tufani za vumbi miaka ya 1930 ziliingia California kwa 66, kisha zikapanda 99 kutafuta vibarua mashambani. Namba hizo zilikuwa sehemu ya simulizi za maisha yao, na hoteli, migahawa na vituo vya mafuta vilikuwa vimejitambulisha kwazo. Namba 99 iliokolewa na ramani. Barabara mpya ya 5 ilijengwa upande wa magharibi wa bonde la San Joaquin, mbali na Bakersfield, Fresno na Modesto. Miji hiyo iliendelea kuhitaji barabara yake kuu, ikabaki nayo ikiwa 99 ya jimbo. Miaka mingi baadaye jimbo liliruhusu vibao maalumu vya kumbukumbu kwenye mapito ya zamani ya 66, 99, 40 na 80.

Urithi wa uamuzi

Hata hivyo Collier na wenzake walikuwa sahihi. Barabara inayolipiwa na umma inapaswa kutambulika kwa umma kwa namba ileile iliyo kwenye hesabu za serikali. Mwananchi anayesoma leo kwamba bunge limetenga fedha kwa ajili ya barabara namba 58 anaweza kutoka nje akaitafuta kibaoni, jambo ambalo baba yake asingeweza. Miaka ya 1960 jimbo liliweka pia vijibao vidogo vyeupe kando ya barabara, vyenye kifupi cha jina la kaunti, namba ya barabara na umbali. Fundi anayeripoti shimo na ofisa anayeidhinisha ukarabati wake wanataja namba ileile.

Sheria ile ilibana pia pasipotarajiwa. Miaka ya 1980 barabara moja fupi karibu na Hayward, iliyokuwa namba 238 ya jimbo, iliingizwa kwenye mtandao wa kati ya majimbo. Kwa kanuni za kitaifa, ingepewa namba ya tarakimu tatu inayoishia na namba ya barabara mama, yaani 80. Lakini zote kuanzia 280 hadi 980 zilikuwa zimechukuliwa, na 180 ilikuwa ya barabara ya jimbo inayopita Fresno. Kwa kuwa California hairudii namba, ikabaki 238, ingawa nchi nzima haina barabara ya kati ya majimbo yenye namba 38.

Orodha ya 1964 ilibeba pia barabara ambazo hazijawahi kuwapo. Namba 64 ilitengewa barabara ya kasi kutoka Malibu kuingia bonde la San Fernando. Haikujengwa. Barabara ya kasi ya Beverly Hills, ambayo ingekuwa sehemu ya namba 2, ilipingwa na wakazi na kufutwa katika miaka ya 1970. Badala yake namba 2 ilipita juu ya Santa Monica Boulevard, barabara iliyokuwa 66 kabla ya 1964.

Siku hizi jimbo linarudisha baadhi ya vipande vya barabara kuu kwa miji, hasa vile vilivyogeuka kuwa mitaa ya maduka na watembea kwa miguu. West Hollywood ilichukua sehemu yake ya Santa Monica Boulevard mwaka 1999, na jiji la Santa Monica nalo lina sehemu yake. Kisheria vipande hivyo si barabara kuu za jimbo tena, na bajeti ya jimbo haivihudumii. Ila sheria inayoviondoa inaitaka miji hiyo iendelee kuweka vibao vya kumwonyesha dereva namba 2 inakoendelea.