Ili Unyogovu Usirudi: Historia ya Tiba ya Kutulia na Kuzingatia

Kama unaosha vyombo au unamnyonyesha mtoto, endelea tu, tutazungumza hivyo hivyo.

Leo nataka kuzungumza na mama aliyewahi kuugua ugonjwa wa huzuni kuu, yaani unyogovu, akapona. Pengine ulimpata baada ya kujifungua. Alikaa wiki nyingi bila usingizi, bila hamu ya chakula, mtoto akilia anamsikia kama yuko nyumba ya jirani. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kwenye kazi zake. Lakini sasa kila asubuhi akiamka mwili ukiwa mzito anajiuliza: je, umerudi?

Hofu hiyo si ya bure. Unyogovu una tabia ya kurudi, na kadiri mtu anavyozidi kuupata ndivyo uwezekano wa kuupata tena unavyoongezeka. Kutokana na tatizo hilo ilizaliwa tiba ambayo historia yake nitakusimulia leo.

Tunaanzia Marekani, mwaka wa 1979, katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts. Pale kwenye chuo kikuu cha udaktari alikuwako bwana mmoja aitwaye Jon Kabat-Zinn. Hakuwa daktari wa akili, bali msomi wa biolojia ambaye kwa miaka mingi alikuwa amejifunza kutafakari kutoka kwa walimu wa dini ya Kibudha. Aliwaomba madaktari wampelekee wagonjwa ambao dawa hazikuwafikisha mbali, kama vile watu wenye maumivu ya mgongo ya miaka na miaka. Akawafundisha kwa wiki kadhaa: darasa mara moja kwa wiki, na mazoezi ya kila siku nyumbani.

Zoezi la kwanza huwashangaza wengi. Kila mtu hupewa zabibu kavu moja. Aitazame, aiguse, ainuse, aiweke mdomoni bila kuitafuna, kisha aitafune polepole akisikia utamu wake. Hapa kwetu karanga moja ingetosha. Maana yake ni hii: mara nyingi tunakula, tunafua na kumwogesha mtoto huku akili iko kwenye deni la jana au karo ya kesho. Kutulia na kuzingatia ni kuirudisha akili kwenye jambo lililopo sasa, bila kujikaripia kwamba ilikuwa imetoroka.

Najua wako wanaouliza, je, hii si dini ya watu? Ni swali la haki. Asili yake ni Ubudha, na mazoezi yenyewe yana zaidi ya miaka 2,000. Lakini Kabat-Zinn aliyaleta hospitalini bila ibada wala sanamu. Mkristo au Mwislamu anayeketi kusikiliza pumzi yake hajaacha imani yake.

Hata hivyo, darasa lile halikuwa la unyogovu. Hilo lilikuja katika miaka ya 1990, kupitia wanasaikolojia watatu: Zindel Segal wa Toronto, Kanada, Mark Williams aliyekuwa Bangor, Wales, na John Teasdale wa Cambridge, Uingereza. Walijiuliza kwa nini mtu aliyepona huanguka tena.

Tazama jambo walilogundua. Mtoto amekataa uji, na mama amechoka. Yule ambaye hajawahi kuugua atakasirika kidogo, kisha yaishe. Lakini kwa aliyeugua mara kadhaa, huzuni ile ndogo huamsha mawazo ya zamani: mimi si mama wa maana, hata mtoto ananikataa, sitawahi kuwa sawa. Naye huanza kuyazungusha akitafuta kosa liko wapi. Kadiri anavyoyazungusha ndivyo anavyozama. Chanzo kilikuwa bakuli la uji tu.

Wataalamu hao walikwenda Worcester kujionea. Mwanzoni walitaka kuchukua mbinu tu, kama mtu anayeazima ungo. Wakaona haitoshi. Walimu wa kule hawakubishana na mawazo mabaya ya wagonjwa wala kuyafukuza. Waliwafundisha kuyaona yakija na yakienda, na wao wenyewe walifanya mazoezi hayo kila siku. Basi nao watatu, wasomi wazima, ikawabidi waketi chini wajifunze kabla ya kumfundisha mtu. Mimi hapo huwapa heshima.

Mwaka wa 2000 walitoa matokeo ya utafiti wa watu 145 waliokuwa wamepona. Kati ya wale waliowahi kuugua mara tatu au zaidi, wakipata matibabu ya kawaida tu, unyogovu ulirudi kwa watu 66 katika kila 100 kwa muda wa wiki 60. Waliohudhuria darasa, ulirudi kwa 37. Lakini kwa wale waliougua mara mbili tu, darasa halikuonyesha faida. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaoiuza tiba hii kana kwamba inamfaa kila mtu.

Mwaka wa 2004 taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza iliipendekeza kwa waliougua mara tatu au zaidi. Mwaka wa 2015 utafiti wa watu 424 huko huko uliwafuata kwa miaka miwili. Kwa waliopitia darasa huku wakisaidiwa kupunguza dawa, ugonjwa ulirudi kwa watu 44 katika 100. Kwa walioendelea na dawa, 47. Karibu sawa. Sikia vizuri, mama: walipunguza dawa wakiongozwa na daktari. Usiache zako kwa sababu umesikia redioni.

Na kwa wajawazito? Mwaka wa 2016 ulichapishwa utafiti mdogo wa Marekani wa wanawake 86 wajawazito waliowahi kuugua. Hadi miezi sita baada ya kujifungua, ugonjwa ulirudi kwa takriban 18 katika 100 ya waliofundishwa, na 50 katika 100 ya wengine.

Liko zoezi moja la darasa hilo linalochukua dakika tatu. Keti. Dakika ya kwanza jiulize: nina mawazo gani sasa, moyo ukoje, mwili unasikiaje? Usirekebishe kitu. Dakika ya pili fuata pumzi ikiingia na kutoka tumboni. Dakika ya tatu usikie mwili wote, toka utosi hadi nyayo. Wazo likija, sema moyoni, hili ni wazo, kisha rudi kwenye pumzi.

Ukiona zoezi linakuzidishia uchungu, liache, umweleze muuguzi. Na kama umekwisha kuzama, huli, hulali, au unawaza kufa au kumdhuru mtoto, hapo si pa kuketi kusikiliza pumzi. Mwambie mtu leo hii, asikuache peke yako, akupeleke hospitali, hata kama ni usiku.