Samli ya Mlima Elgon

Mwaka 1883, mpelelezi Joseph Thomson alipoyafikia mapango ya Mlima Elgon na kuwakuta wenyeji wakiishi humo pamoja na ng'ombe wao, wahenga wa Wasabaot, ambao Cheptais, kwenye miteremko ya mlima huo, ni makao yao hata leo, walikuwa wafugaji ambao riziki yao ilitokana na maziwa. Maziwa yakitikiswa kibuyuni hutoa siagi, nayo ikiyeyushwa motoni huwa samli, akiba isiyoharibika upesi. Lakini akiba hiyo, nami naistaajabia mno, huanzia kiweleni: seli hukusanya mafuta katika matone madogo yenye utando mwembamba, kisha huyasukuma nje yakiwa yamevikwa utando mwingine, hata yaingie maziwani, na mtikiso ndio upasuao tando hizo, mafuta yakaungana.